Miguu ya Korongo

Karani wa mahakama alisoma orodha ya mali ya marehemu kwa pumzi moja, na pumzi ikambakia.

"Cherehani moja, mbovu. Nyundo mbili. Mkasi mmoja. Mbao chakavu. Mwisho."

Mama Vifungo alisubiri. Alidhani karani anatafuta ukurasa wa pili, kumbe alikuwa anatafuta kifuniko cha kalamu yake.

"Na viti?" aliuliza.

"Viti gani?" akajibu shemeji yake kutoka benchi la upande wa pili, kwa upole kabisa.

Viti gani! Viti vinane vya ofisini, vyenye mikono, springi chini na vifungo mgongoni, ambavyo marehemu mume wake alivitengeneza kwa miezi mitano na kutia humo kila senti waliyokuwa nayo. Kila kifungo Mama Vifungo alikifunika mwenyewe kwa ngozi, kimoja kimoja, hadi vidole vikaota sugu na mtaa ukambandika jina. Wiki moja baada ya msumari wa mwisho, Fundi aliugua tumbo siku mbili, ya tatu akazikwa. Siku ya mazishi kaka yake mkubwa alichukua funguo za karakana, eti kwa usalama. Ukoo ukamfanya msimamizi wa mirathi kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye mwenye tai. Funguo ziliporudi, viti havikuwemo, karakana imebaki na vyombo chakavu na harufu ya gundi.

Hakimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliinua macho. "Mdai, nani aliviona viti hivyo?"

"Mimi, Mheshimiwa. Na binti yangu. Na mama mkwe wangu yule pale."

"Hao ni watu wa nyumba moja. Mwingine?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Marehemu alikuwa anafanya kazi mlango umefungwa. Aliogopa mafundi wenzake watamwibia mtindo."

Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka, ila kwa adabu. Huyu bwana mtaani aliitwa Meneja, kwa sababu aliwahi kukaimu umeneja wa ghala kwa siku kumi na moja, na tangu hapo hakuivua tai.

"Mheshimiwa," alisema akiinyoosha tai hiyo, "ndugu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na maneno mengi. Alimwahidi mkewe makubwa. Sipendi kumsema mtu aliyelala kaburini, lakini viti hivyo aliviunda kwa mdomo."

Maneno hayo yalimchoma Mama Vifungo kuliko kuibiwa kwenyewe. Mwizi wa viti anakuachia angalau mume wako. Huyu alitaka kumbeba na mume.

"Mahakama haiwezi kuamuru fidia ya kitu ambacho hakuna aliyekithibitisha," hakimu alisema. "Nakupa wiki tatu. Ulete ushahidi, la sivyo nalifunga jalada."

Bibi, mama mkwe, alitoka nje akitafuta ngazi kwa ncha ya fimbo. Alikuwa mama wa marehemu na mama wa Meneja pia, na tangu msiba alikuwa amekataa kuhamia kwa Meneja kwenye nyumba yenye vigae.

"Mama, umechoka?" Mama Vifungo alimuuliza.

"Sijachoka. Nahesabu. Wanasema siku za mwizi ni arobaini, na mimi nimeshafika mia na kumi. Huyu mwanangu anaiba mpaka siku."

*

Nyumba yao ilikuwa na dirisha kubwa lililotazama barabara, na dirisha hilo lilikuwa na aibu yake. Pazia liliishia katikati. Lilikuwa pazia la njano, zito, la kabla ya ndoa, lenye korongo wekundu wamesimama safu moja, shingo ndefu, midomo juu. Zamani korongo hao walikuwa na miguu mirefu, na chini ya miguu kulikuwa na maji na matete hadi sakafuni. Sasa walikuwa wamekatwa mapajani. Aliyepita nje aliona ndege wasio na miguu, na chini yao miguu ya watu wa ndani wakila, wakifua, wakigombana.

"Dirisha lako limevaa sketi fupi!" Msusi, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa akimpigia kelele kila asubuhi akifungua saluni yake. "Litashushwa lini?"

"Mwambie fundi wangu," Mama Vifungo alikuwa akijibu enzi hizo, na Fundi anacheka akiwa ndani.

Maana ni Fundi aliyelikata. Viti vilipofika hatua ya kufungwa chini, kile kitambaa cha kuzuia vumbi kinachogongomewa chini ya kiti, pesa zilikuwa zimekwisha. Alirudi nyumbani mchana, akasimama mbele ya dirisha na mkasi, akainama, akakata. Vikatoka vipande vinane, vinne vya miguu na vinne vya maji. Kwenye kiti cha nane ngozi ya vifungo nayo ikaisha, akauchukua mkoba wa mkewe.

"Akikosa gundi atanikamua mimi," Bibi alisema siku hiyo.

"Viti vikiuzwa," Fundi alimwambia mkewe, "nitakununulia pazia linaloburuta sakafuni mpaka ulikanyage." Na mkewe, ambaye alikuwa ameanza kununa, akashindwa kununa.

Sasa hakuna aliyecheka, hata Msusi. Alikuwa anafungua saluni yake kimya, akatazama dirisha, akatazama pembeni.

Binti, ambaye alikuwa kidato cha pili na tayari alijua kila kitu, aliuliza, "Mama, kwani pazia si ushahidi?"

"Ushahidi wa nini? Baba yako mkubwa atasema tulikata matambara ya kupigia deki."

Walipekua sanduku, chini ya godoro, mifuko ya makoti ya marehemu. Walipata risiti moja ya misumari, na ilikuwa imefifia hata isisomeke. Mwenye nyumba ya karakana alikuja akasimama mlangoni bila kuingia, akasema anamheshimu sana marehemu, lakini kuna muuza vipuri anaitaka ile karakana, na mwisho wa mwezi ndio mwisho wa mwezi.

Siku tatu kabla ya kesi, Meneja alikuja. Alileta mkate na kilo moja ya sukari, akaviweka mezani kwa kishindo ili vionekane.

"Shemeji, sisi ni ndugu," alianza. "Mahakamani tunajidhalilisha tu. Mimi nitakulipia kodi ya karakana miezi miwili, uanze kidogo kidogo. Wewe unasaini hapa tu."

Binti aliisoma karatasi kwa sauti. *Mimi mjane wa marehemu nakiri kwamba hakukuwa na viti vyovyote.*

Mama Vifungo aliitazama kalamu. Kusema kweli, aliitazama kwa muda mrefu. Kodi ya miezi miwili haikuwa mzaha. Angeweza kuanza na stuli, na marekebisho ya sofa za watu. Pale mezani kulikuwa na uhai wa nyumba nzima, na bei yake ilikuwa jina moja la kuandika.

"Nikisaini," alisema, "mume wangu atakuwa ameniongopea."

"Ameshakufa, shemeji. Hasikii."

"Mimi nasikia."

Bibi alikuwa ameshachukua kisu akakata kipande cha mkate. "Karatasi urudi nayo, mwanangu," alimwambia Meneja. "Mkate uache. Huo umeununua kwa pesa ya ndugu yako."

Meneja aliondoka amevimba. Walipomwona kupitia nusu ya dirisha isiyo na pazia, viatu vyake tu, vinang'aa, vinakwenda haraka, Binti ndiye aliyeanza kucheka. Wakacheka wote watatu. Kisha Mama Vifungo akaingia chumbani na kulia, kwa sababu hakuwa na ushahidi wowote.

*

Siku ya kesi walikuta mahakama imehama chumba. Chumba cha zamani kilikuwa kinavuja. Hiki kipya kilinuka rangi, sakafu imepigwa msasa, na juu ya jukwaa kulikuwa na meza mpya na kiti kipya ambacho hakimu alikuwa amekijaa vizuri, mgongo umeegemea, sura ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hasikii maumivu ya kiuno.

"Mdai. Umeleta ushahidi?"

Mama Vifungo alisimama. Alikuwa ameandaa maneno juu ya risiti ya misumari. Alifungua mdomo kuyasema.

Hapo hakimu akaangusha kalamu.

Aliinama kuiokota, na mgongo wa kiti ukabaki wazi. Vifungo vya kahawia, safu tatu. Safu ya kati, kifungo cha pili kutoka kushoto, kilikuwa cheupecheupe kuliko wenzake na kilikuwa na mkwaruzo. Mama Vifungo aliujua mkwaruzo ule. Aliupata siku mkoba wake ulipoparuzwa na msumari wa lango la hospitali, alipokwenda kumzaa Binti.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, "naomba usimame."

Mahakamani watu ndio waliomwinukia hakimu, na haijapata kuwa kinyume. Karani aliacha kuandika, kwa kuwa hakujua kama jambo lile linaandikwa.

"Unasema?"

"Nakuomba usimame, Mheshimiwa. Umeukalia ushahidi wangu."

Kelele zikazuka. Askari wa mlangoni akasogea. Meneja akaruka juu, "Mheshimiwa, mnaona wenyewe, huzuni imemwingia kichwani!" Ila tai yake ilikuwa imehama upande, na Bibi, ambaye macho yake hayaoni vizuri lakini hilo aliliona, akagonga sakafu kwa fimbo mara moja.

Hakimu aligonga meza. Aliivua miwani. "Mama, hiki kiti kimenunuliwa na serikali mwezi uliopita. Ukinichezea nitakuweka ndani leo hii. Kwa nini useme ni chako?"

"Hicho kifungo cheupe ni mkoba wangu, Mheshimiwa. Ngozi iliisha."

"Vifungo vinafanana."

"Basi nipe karatasi. Nitaandika kilichomo chini yake, pale pasipoonekana. Karani aishike. Kifunguliwe. Nikikosea, nifunge."

Hakimu alimtazama. Akakitazama kiti. Ndipo alipofanya jambo ambalo watu wa mji ule walilisimulia miaka. Alisimama, akashuka jukwaani, akajikalia benchini na watu wengine, pembeni ya Bibi.

"Mpeni karatasi," alisema.

Mama Vifungo aliandika maneno machache, akakunja. Askari alitafutiwa bisibisi, akakipindua kiti juu ya meza, miguu hewani. Kulikuwa na kitambaa cheusi kipya, kimebandikwa ovyo ovyo. Binti akamnong'oneza mama yake, "Si chetu! Chetu cha njano!" Askari aliukamata upande mmoja wa kitambaa cheusi na kuvuta. Kikachanika.

Chini yake kulikuwa na kingine. Cha njano.

"Karani, soma," hakimu alisema.

Karani aliikunjua karatasi. Alisoma kimoyomoyo kwanza, akakunja uso, akasoma tena kwa sauti. "*Mguu wa korongo. Mmoja tu.*"

Na pale katikati ya kitambaa cha njano, mwekundu, mrefu, wenye goti, ulisimama mguu mmoja wa korongo. Fundi alikuwa amekiwekea kiti cha mwisho yule ndege aliyesimama kwa mguu mmoja, akasema huyu atamletea bahati mteja asiyeweza kutulia.

"Na korongo mwenyewe yuko wapi?" hakimu aliuliza taratibu.

"Yuko dirishani kwangu, Mheshimiwa. Mji mzima unamjua."

"Kweli!" mtu mmoja alipiga kelele nyuma. "Wale ndege wasio na miguu! Mbona mimi napita pale kila siku!"

Nusu ya chumba ilikuwa imepita pale. Wote wakataka kutoa ushahidi kwa pamoja, na hakimu ikabidi agonge benchi kwa kiatu.

*

Baada ya hapo mambo yaliharibika kisheria, kwa namna ya kufurahisha. Hakimu alisema hawezi kuamua kesi ya kiti alichokikalia yeye mwenyewe, akalihamishia jalada chumba cha pili. Hakimu wa chumba cha pili, mzee mnene mwenye mgongo mbovu, alikuwa amekalia kiti cha pili. Chumba cha tatu, kiti cha tatu. Karani alizunguka jengo zima akipindua viti, akihesabu kwa sauti, hadi akafika kwa msajili aliyekuwa anakula mihogo, akamwomba ainuke. Viti vyote vinane vilikuwa mle mle mahakamani. Ikaamuliwa hakimu wa chumba cha pili asikilize kesi akiwa juu ya kiti cha plastiki, naye akakubali kwa shingo upande na uso wa mtu aliyenyang'anywa chakula.

Hati za manunuzi zilionyesha viti vililetwa na dalali wa samani. Dalali aliitwa. Alikuwa mtu mchangamfu asiyependa kufungwa.

"Mimi nilivinunua kihalali, Mheshimiwa. Kwa yule bwana mwenye tai. Alisema ni vyake, karakana yake, mafundi wake. Risiti hii hapa, sahihi yake hii. Mimi niliweka kitambaa cheusi tu, maana ndege chini ya kiti cha serikali, nikaona si heshima."

"Ulijua vinakwenda mahakamani?" hakimu alimgeukia Meneja.

Meneja alimgeukia dalali kwa mshangao. Ilikuwa wazi kwamba hakujua. Aliuza viti vya ndugu yake gizani, na vikaenda moja kwa moja kumsubiri mahali ambapo ataulizwa habari zake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa fupi hata ikaishia kwenye jukwaa lile lile alilosimama mbele yake.

Kisha likaja pazia. Binti na Msusi walilibeba kutoka nyumbani, Msusi akiwa ameifunga saluni na mteja mmoja amekuja naye kichwa kimesukwa nusu. Walilitandaza sakafuni. Mama Vifungo akapiga magoti, akaanza kupanga chini yake vipande vilivyobanduliwa kwenye viti. Mguu na mguu. Maji chini ya miguu. Tete na ncha yake. Hakuharakisha. Kila kipande kilipokaa mahali pake watu walitoa sauti, "Eeh!", na cha nane kilipokaa, korongo wote walikuwa wamesimama tena, wamefika chini, hakuna hata mmoja anayeelea. Mama Vifungo akabaki magotini. Miezi mitano ya mume wake ilikuwa imelala pale sakafuni, na kila mtu aliiona.

Meneja alijaribu mlango wa mwisho. "Mama," alimgeukia Bibi. "Waambie. Mimi ndiye mtoto wako uliyebaki naye. Waambie nilikuwa navihifadhi."

Bibi alisimama bila kuitwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

"Nimekuzaa wewe, nimemzaa yeye," alisema. "Ziwa ni lile lile. Mmoja lilimlea, mwingine likachacha, na mimi sijui nilikosea wapi. Ungeniambia una shida ningekwambia omba. Ndugu yako angekupa viti vinne, na vinne vingine akavibeba mwenyewe mpaka kwako. Wewe ukachukua vyote, halafu ukamwita mwongo mbele ya mkewe." Akapumua. "Lipa, mwanangu. Ukishalipa uje ule. Ukija kabla, nitakuonyesha mlango."

Meneja alikaa chini. Ile tai aliivua mwenyewe, polepole, akaikunja mfukoni, na pengine ndilo jambo la kwanza la heshima alilofanya katika kesi nzima.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Meneja alivuliwa usimamizi wa mirathi na Mama Vifungo akapewa yeye. Alipe thamani yote ya viti vinane, si bei ya kutupa aliyopewa na dalali, bali ile ambayo serikali ilivinunulia. Juu yake alipe fidia ya miezi ambayo karakana ililala, na gharama za kesi. Swali likabaki viti vyenyewe viende wapi.

"Mdai anaweza kudai arudishiwe," hakimu mnene alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli. Alikuwa anahamahama juu ya plastiki.

Mama Vifungo alimtazama yule mzee na mgongo wake. "Vibaki, Mheshimiwa. Mume wangu alivitengeneza vikaliwe."

"Mahakama inashukuru," mzee alisema haraka, kabla hajabadili mawazo. "Ila... vimechanwa chini. Vinahitaji fundi. Unamjua fundi?"

Kicheko kilichozuka siku hiyo kilisikika hadi sokoni.

*

Meneja alilipa. Aliuza pikipiki yake na vigae alivyovinunua vya nyumba ya pili, na sehemu iliyobaki akawa anaileta kila mwisho wa mwezi, kwa miguu, bila tai. Mara ya kwanza Bibi aliipokea bahasha mlangoni na kuufunga mlango. Mara ya nne alimwachia mlango wazi, akamwekea sahani, akasema chumvi imezidi, lakini asilalamike, maana amekuja kabla hajamaliza kulipa.

Muuza vipuri alikosa karakana. Mwenye nyumba alikuja tena, safari hii akaingia, akakaa, akauliza bei ya kochi. Mama Vifungo alivifunga viti vya mahakama siku mbili, kwa kitambaa kizuri cha kijivu, na Binti akimshikia misumari baada ya shule. Msajili alipoona kazi ile aliagiza viti sita vya chumba cha wageni. Aliagiza kwa mdomo, akaambiwa aandike. Katika karakana ile sasa kila kitu kiliandikwa, na milango ilikuwa wazi, yote miwili, wa nje na wa ndani. Fundi mmoja wa mtaa wa pili alikuja kuchungulia mtindo wa vifungo. Mama Vifungo akamletea stuli akae, aone vizuri.

Vile vipande vinane, vyenye mhuri, vilibaki ndani ya jalada, maana ni vielelezo, na sheria haigawi vielelezo hovyo. Hivyo nusu ya pazia iliyorudi nyumbani ilikuwa bado nusu. Ilining'inia pale mwezi mzima, na Mama Vifungo hakuishona wala hakuitoa. Kulikuwa na pesa ya kodi kwanza, na ada, na dawa ya macho ya Bibi.

Halafu Jumamosi moja Msusi alifungua saluni yake, akainua macho kwa mazoea, akasahau alichokuwa anafanya. Dirisha la ng'ambo lilikuwa limevaa kijani kibichi, kitambaa kizito, kutoka juu kabisa hadi sakafuni, na sakafuni kimelala kiasi cha dhiraa nzima. Mama Vifungo alikuwa katikati ya barabara, mikono kiunoni, anakitazama kutoka nje. Ndani Bibi alisikika akilalamika kwamba limemtega mara mbili tangu asubuhi na sasa hatajua nani anapita.

Msusi alivuka barabara na kitana mkononi.

"Jamani! Hili si la kushonewa dukani hili. Urefu wote huo wa nini, mpaka mnalikanyaga?"

"Ndivyo alivyosema liwe."

"Nani? Nani kakununulia?"

"Mume wangu," Mama Vifungo alisema. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta. "Alisema viti vikiuzwa."